Ndoo za Mama Mkwe

Jumapili, Gaithersburg

Na hii pilau tutaila mpaka lini?

Kosa ni langu. Ijumaa nilikuwa sebuleni nikimweleza bosi kwa simu kwamba leo Jumapili tunazima laini moja kubwa ya umeme ili mafundi waiongezee uwezo. Umeme utapita laini nyingine, hakuna taa itakayozimika. Mpango huo nimeuhangaikia tangu mwaka jana.

Mama mkwe, mgeni wetu kutoka Morogoro, alisikiliza mpaka "tunazima", basi. Akatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la Watanzania wa huku ughaibuni: "Mkwe wangu ndiye anayekata umeme Jumapili. Jazeni maji, pikeni nyama yote."

Leo nimeamka nikakuta ndoo mpaka bafuni, na mke wangu kamaliza nyama ya friza nzima kwa kupika pilau. Mwenyekiti wa jumuiya kanipigia kutoka Columbia, mji wa jirani, kwa heshima zote, kuuliza kama mgao utafika na kwake.

"Mama, umeme haukatiki. Nimepanga mwenyewe."

"Sawa, baba," akasema, huku akifunika ndoo. "Hata kwetu huwa wanapanga."

Saa nne laini ikazimwa. Hakuna taa hata moja iliyopepesa. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, lakini Mama alikuwa keshaniwahi kwenye grupu: "Mkwe wangu kaongea nao, wameahirisha."

Shukrani zimemiminika mchana kutwa. Miaka yote ya kazi hii sijawahi kushukuriwa, kwa hiyo sijamsahihisha mtu.

Keshokutwa tunazima laini ya pili, na wametabiri joto kali, kila nyumba itawasha kiyoyozi. Mke wangu kauliza kama amwage yale maji.

Nimemwambia ayaache.