Chuo Bora na Shamba la Mama

Mjukuu wangu Flora, marahaba. Mama yako mzima, na mvua huku Uluguru ni nzuri.

Umeniuliza uchague chuo gani kwenye ile orodha ya vyuo bora. Orodha hiyo inanitia hasira!

Biashara ilipoachwa huria, wachuuzi walitupandishia mlimani dawa za mboga zisizo na maandishi. Tukazipuliza, na mboga zote za shamba la mama yangu zikaungua. Mwalimu wa chuo kimoja cha mjini akaja, akashika jembe nasi mpaka kabichi zikastawi tena.

Mama akamtania, "Oa huku, baba, huku shamba ni la mke!"

"Basi nimeshaposa, mama!" mwalimu akajibu akicheka.

Chuo chake kikamnyima cheo, eti haandiki makala za kitaaluma.

Kabichi hizo zilimsomesha mama yako. Wapanga orodha huhesabu makala; kabichi wamezihesabu wapi? Tafuta chuo ambacho kingempandisha cheo mwalimu yule.

Bibi yako