Baba wa Bibi-arusi Alirudi Kuangalia Mbabula

Mama Philomène, mpendwa mshauri wetu wa redio, naomba msaada maana minye Fidèle, fundi wa vali za asidi kiwandani, nimechoka, kazini nakagua kila vali mara sita na chef, mkubwa wetu wa kazi, amenipa cheti cha usalama mbele ya watu wote, lakini nyumbani hapa mtaa wa Panda nafunga mlango, nafika barabarani, roho inasema hukufunga, narudi, naondoka, roho inasema na mbabula je, lile jiko la makaa, makala yakiwaka nyumba itaungua, na siku Laure, mtoto wangu wa kwanza, alipoolewa, tuko mlangoni pa kanisa, amenishika mkono, nikakumbuka mbabula, nikamwambia, "Ngoja kidogo, mama, narudi sasa hivi," nikakimbia nyumbani, ilikuwa baridi kabisa, nikafika kona, nikarudi kuigusa tena, na niliporudi kanisani mjomba wake alikuwa ameshamuingiza na pete zimevaliwa, tangu siku ile Laure hanisemeshi, mke wangu Hortense ananiuliza, "Weye ulioa minye ao ulioa kufuli?" na kikundi cha maombi kimenifungisha kula siku tatu kufukuza pepo, pepo hakutoka, nilikonda tu. Nisaidie: ninunue kufuli gani la kuaminika?

Baba Fidèle, pole sana. Barua yako imenifikia mara nne, neno kwa neno, ya nne ukiongeza tu swali kama zile tatu zilifika. Zilifika. Sirudii.

Kufuli lako ni zima. Kinachokataa kufunga kiko kichwani. Sehemu ya mbele ya ubongo, juu ya macho, hupiga kengele: "Hatari!" Kwa wengi wetu, sehemu za ndani huipima habari hiyo na kuizima. Kwako, kadiri madaktari wanavyoelewa, inazunguka na kurudi pale pale kama habari mpya. Kila ukigusa mbabula unapata nafuu ya dakika mbili, na ubongo unajifunza kwamba kurudi ndiko kulikokuokoa. Huo ni ugonjwa. Si pepo, wala si uangalifu, hata kama una cheti.

Lakini usijifiche nyuma ya ubongo: minye umeniandikia mara nne, Laure hujamwandikia hata mara moja.

Nenda Lubumbashi kwa daktari wa akili. Kuna dawa, na kuna mazoezi ya kufunga mara moja na kuivumilia hofu mpaka ishuke yenyewe. Ukimuuliza Hortense, "Nimefunga?" asijibu, maana akikuhakikishia anaulisha ugonjwa.

Na Jumapili hii nenda kwa Laure. Njiani hofu itakuvuta shati, tembea nayo. Ukifika sema, "Nilikuacha mlangoni. Nisamehe." Sema mara moja tu, kisha nyamaza umsikilize.