Kitambaa Nyuma ya Gurudumu

Buger, Karatu
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa Kaka Leonce,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Arusha, na kile kifua kimepona. Sisi hatujambo. Mama anapalilia maharage, naye hajui kuwa nakuandikia. Simu yako haipokelewi tangu mwezi uliopita, kwa hiyo barua nampa Raphaeli, anayepeleka vitunguu huko kwa lori. Nimeapa kukueleza yote, hata yale yanayonitia aibu.

Unakumbuka mwezi wa tatu nilikupigia kwa simu ya Neema, mwenzangu wa darasani. Nilikuambia nimeona mtandaoni baiskeli nyekundu ya laki moja na nusu. Ukasema unamfahamu muuzaji, ni mtu wa kuaminika, utanishughulikia. Ukasema nikiipata nitaweza kubaki kwa masomo ya jioni na bado nifike nyumbani kabla ya giza. Siku ile nilishindwa hata kula kwa furaha.

Kisha bei ikaanza kuota miguu. Ukasema kuna nauli ya meli, halafu ushuru wa bandarini, halafu fundi wa kuiunganisha. Pasaka ulipokuja ukaniambia njia ni moja tu, tumuuze yule ng'ombe niliyepewa na marehemu babu siku ya kipaimara changu. Ulimpeleka mnadani wewe mwenyewe. Baiskeli ya laki moja na nusu ikamaliza ng'ombe mzima.

Ilipofika niliipanda siku mbili. Siku ya tatu, kwenye mawe ya korongoni, tairi la mbele lilipasuka. Niliisukuma mpaka Karatu mjini kwa Haji, fundi baiskeli wa pale sokoni. Alicheka kwanza, akasema baiskeli hii inataka lami ya kwenda geti la Ngorongoro na mzungu juu yake. Pampu yake haikuingia kwenye mdomo wa tyubu, na tairi jembamba namna ile halikuuzwa na mtu yeyote sokoni. Sasa natembea kwa miguu kama zamani, na shuleni wananiita Mzungu wa Buger, wananiuliza gari langu la kubeba maji ya kunywa, kama lile la watalii, limebaki wapi.

Haji hakukata tamaa. Aliomba aone lile tangazo ili asome saizi ya tairi aagize. Neema akalitafuta kwenye simu yake, Haji akaikuza picha. Nyuma ya gurudumu kulikuwa na kiti, na juu ya kiti kitambaa cha mawaridi mekundu. Waridi la pembeni lina majani ya buluu. Kaka, uzi wa kijani ulimwishia Mama nikiwa nimekaa naye. Kitambaa kile alikushonea wewe ulipohamia Arusha, na hakuna kingine.

Kwa hiyo baiskeli ilikuwa chumbani kwako. Haikuvuka bahari. Haji aliniuliza mbona nafuta macho, nikamwambia vumbi limeniingia machoni.

Sasa aibu yangu. Ng'ombe yule hakuwa akilala kwetu. Unajua babu alimweka kwa Bibi Angelina wa jumuiya yetu, kama tunavyowekeana mifugo huku, ili yeye amtunze na maziwa yawe ya wajukuu zake. Siku ya mnada nilimwambia Bibi kwamba Mama anamtaka ng'ombe nyumbani kwa muda. Mama naye anaamini ng'ombe bado yuko kwa Bibi, na kwamba baiskeli umeninunulia wewe. Kila mmoja anadhani yuko kwa mwenzake. Juzi nilipita pale, nikakuta yule mjukuu wake mdogo ananywa uji mkavu, bila maziwa. Bibi akaniuliza kwa upole kama Mama amekasirishwa na jambo, maana anamwonea haya kumuuliza mwenyewe. Nilishindwa kumtazama.

Jumapili ya tarehe 29 jumuiya inasali nyumbani kwa Bibi Angelina, na Mama atakwenda. Zizi liko pale mlangoni, naye ataliona tupu.

Baiskeli nimeifuta matope, iko tayari kurudi kwako. Msalimie jirani yako Mama Nasma, na ule vizuri. Raphaeli atalala Arusha siku moja tu, mpe jibu arudi nalo: utakuja tusimame sote wawili mbele ya Mama na Bibi, au nikaseme peke yangu?

Mimi mdogo wako,
Cresensia