Wageni Wasalimie Watu Kwanza

Adhis, nimejifungia kwa stoo ya shule. Siamini.

Leo kambi yetu ya hesabu ya wasichana ilikuwa na mtihani wa mwisho, wa muda wa saa mbili. Mheshimiwa mbunge akasema wageni aliokuja nao wasalimie watu kwanza. Wamesalimia dakika mia moja! Kila mmoja: "Wasichana, hesabu ni yenu!" Na wasichana wenyewe wanawapelekea chai!

Zikabaki dakika ishirini. Mwanafunzi wangu Wachuka akamaliza maswali yote, bado amevaa aproni.

Zawadi ya mshindi? Sufuria. Sufuria, Adhis!

Wachuka akashika maikrofoni: "Asante mheshimiwa. Sasa turudishie saa moja na dakika arobaini."

Ati mwalimu mkuu anataka nimwandikie mheshimiwa barua ya kuomba msamaha. Nimeandika. Inaanza, "Mpendwa Wachuka."