Mkweche wa Jikoni

Oulu, Jumapili asubuhi

Kalervo wangu,

Theluji imefika dirishani, na paka wako amenenepa tangu uhamie Bergen. Ile kompyuta kuukuu uliyoiacha jikoni bado inanguruma. Humo ndimo ninamoikagulia programu yako ya kuendesha kadi ya mtandao, kabla sijaipitisha itumiwe na watu. Kwenye kompyuta mpya ilikubali, lakini hii ya zamani husoma tarakimu za namba kuanzia mwisho ambao mpya huishia, programu ikagoma. Nikakurudishia uirekebishe. Ukafoka: "We Helka, nani anautumia mkweche huo siku hizi?"

Mimi, mpenzi. Kila nikikurudishia kazi, unaniandikia.

Jana uliileta tena. Haina kosa hata moja, nimetafuta mpaka kahawa ikapoa. Nimeipitisha. Sasa huna sababu ya kuniandikia.

Niandikie tu.

Helka, na paka