Mama Idi, Tumehamia Kiirua

Mama Idi,

Amani iwe juu yako huko ulikotangulia. Nilizoea kukusimulia mambo kwa mpangilio, na wewe ulizoea kunikatiza kabla sijafika katikati. Leo hutanikatiza. Kwa sababu hiyo naandika polepole, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba ambayo taa yake imezimwa.

Tumehama. Vyumba viwili walivyokuwa wakikaa Idi, Salma na watoto pale Majengo, Meru mjini, vimerudi kwa mwenye nyumba. Changu, kile cha mwisho kwenye ukumbi, ulichofia wewe, alikubali kuniwekea mpaka mfungo wa Ramadhani uingie, ili nipate nafasi ya kuamua. Idi amejenga Kiirua, kwenye kiploti kando ya barabara ya Nanyuki. Nyumba ya mawe, mabati ya rangi ya kijani, tangi la maji nyuma. Nitasema kweli: ni nyumba nzuri. Watoto hawalali tena miguu ya mmoja kwenye kichwa cha mwingine. Choo ni chetu peke yetu. Ukifungua dirisha la jikoni asubuhi unauona mlima wote, na theluji yake kidogo iliyobaki.

"Ni nusu saa tu, Baba," Idi alikuwa akiniambia. "Utaona. Ni kama hatujatoka mjini."

Hiyo nusu saa nimeijua sasa. Ni nusu saa ya mtu aliyepita njiani Jumapili mchana bila lori mbele yake. Duka la Salma la sare za shule liko mjini, kazi ya Idi iko mjini, na shule ya watoto iko huko huko kwa sababu Hawa, mkubwa wao, ana mtihani na hatukutaka kumvuruga. Basi wanatoka alfajiri, mara tu baada ya sala, watoto wamebebwa wakiwa na sare zao, nusu usingizini, na wanarudi magharibi imeshaingia. Yule mdogo aliniuliza, "Babu, wewe unabaki kulinda nini?" Nikamwambia nalinda mlima. Akaniamini.

Unanijua. Kuhama hakujawahi kuwa kigeni kwangu. Laare, nilikozaliwa nyuma ya bucha ya baba, tulitoka nikiwa na meno ya utotoni, kiwanja kiliporudi kwa wenyewe. Isiolo tulikaa, tukatoka. Majengo ndipo nilipodhani nimemaliza. Nilifundisha hapo, nikakuoa hapo, nikakuzika hapo. Watu wa ukoo wako kule Mikinduri walikuwa wakiniuliza shamba letu liko wapi, na wewe ulikuwa ukiwajibu kabla yangu: "Shamba lake ni chaki." Sasa nina uzee huu, na ninajifunza tena njia ya kwenda msalani gizani.

Kinachonisumbua si baridi, ingawa upepo wa hapa unaingia mpaka kwenye meno. Ni kimya. Majengo nilikuwa nikikohoa, sauti ya mtu kutoka uani inasema, "Pole, Mwalimu." Hapa nakohoa, kuku ananitazama.

Siku moja nilikwenda kufungua mfereji wa tangi, kizunguzungu kikanishika. Nikakaa chini kwenye matope. Sikuumia. Lakini nikiwa pale, mgongo kwenye tangi, nilikufikiria wewe. Nilifikiria jinsi ulivyokwenda. Mimi nilikuwa nimetoka kwenda kununua maziwa. Niliporudi nilimkuta Mama Rukia wa chumba cha pili ameshakulaza ubavu, uso kibla, kichwa chako mkononi mwake, anakutamkia shahada sikioni, na midomo yako inamfuata. Inamfuata, Mama Idi. Niliona kwa macho yangu. Kwa yote niliyopewa na Mungu, hakuna nililomshukuru kama mwanamke yule wa chumba cha pili.

Hapa, mchana, nani atakuwa Mama Rukia wangu?

Nilimwambia Idi narudi Majengo, kwenye chumba changu. Sikumwambia sababu. Nilisema tu nimezoea mjini. Alizima gari uani, mkono ungali kwenye usukani. Halafu akasema, "Hii nyumba nimeijenga nikikuhesabu wewe, Baba. Watu watasema nimemtoa mzazi nyumbani kwangu." Salma aliingia ndani bila kuaga. Kwa siku kadhaa chakula kililiwa kwa adabu nyingi mno.

Katikati ya hayo ndipo ikaja ile habari ya mbuzi.

Tunapakana na mzee mmoja anayeitwa M'Ikiara. Mkulima wa viazi, mzee wa kanisa, rika langu. Kila mtu wa mtaa huu mpya huondoka alfajiri kama Idi. Mchana tunabaki mimi na yeye, ua wa waya katikati. Siku moja ya mapumziko alikuja na mkewe, wamebeba beseni kubwa limefunikwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilipoondolewa, ilikuwa nyama ya mbuzi mzima. Amemchinja mwenyewe asubuhi hiyo, amemkatakata vizuri, kila sehemu mahali pake.

"Mimi sijui kukaribisha mtu na mdomo," akasema. "Hii ndiyo karibu yangu. Na hiki kifua ni cha mzee. Mwalimu, hiki ni chako."

Wewe ungelimaliza jambo pale pale getini. Ungecheka, ungemshika mkono, ungemwambia kwa Kimeru chenu kwamba umeolewa na watu wagumu wa kula. Idi alilipokea beseni kwa mikono miwili. Akashukuru. Mimi nami nilinyamaza, kwa kuwa boma ni lake, na sikutaka kumtangulia mwanangu kusema getini kwake. Yule mzee alikuwa amesimama pale na fahari yake yote. Nani angemwambia kwamba hatuwezi kula alichochinja?

Jioni Idi alichimba shimo nyuma ya nyumba, akaizika. Alisema akimpa fundi anayetumalizia nyumba, fundi atasema. Akimpa mtu yeyote wa hapa, habari itarudi kwa mwenyewe. Afadhali udongo, udongo hausemi.

Mbwa wa M'Ikiara hakushauriwa. Kulipokucha alivuka ua akiwa na kile kifua mdomoni, kimejaa udongo, akakiweka uani kwa bwana wake, mbele ya mke wa mzee na vibarua waliokuwa wakichagua viazi. Wewe ungecheka mpaka ushike ukuta. Mimi pia nilicheka Salma aliponisimulia. Kisha nikaacha.

Kwa maana mzee yule hakuja kugombana. Heri angekuja kugombana. Alikoma tu kuitikia. Namsalimia juu ya waya, anainama kwenye viazi vyake kama aliyesikia ndege. Salma akaniambia, "Afadhali angetutukana, tungejua pa kuanzia." Idi akawa anatoka alfajiri bila kuangalia upande ule. Nami nikawa na sababu mbili za kurudi Majengo, tena hii ya pili ningeweza kuitaja.

Nilikaa na jambo hilo nikaona aibu. Niondoke, nimwachie mwanangu jirani aliyekasirika na waya katikati? Nikavaa kofia, nikazunguka kupitia barabarani, nikaingia kwa geti lake kama mgeni.

Nilimsalimu kwa Kimeru ulichonifundisha. Akanijibu kwa Kiswahili, nikajua amenifungia mlango.

"Kama nyama yangu ni mbaya, si mngerudisha?" akasema. "Mnapatia mchanga ikule?"

Nilimweleza. Kwamba mnyama kwetu ni lazima achinjwe kwa jina la Mungu, na mtu anayechinja kwa taratibu yetu. Kwamba si uchafu wake, wala si dharau. Kwamba kijana alishindwa na heshima. Alisikiliza huku kiazi kikizunguka mkononi mwake.

"Mimi nimekula kwa bucha za Waislamu pale Meru tangu nikiwa kijana," akasema, "na sijawahi kujiuliza ni nani anashika kisu." Halafu akapiga paja. "Na kwa nini hamkusema? Si ningewaletea mbuzi ikitembea na miguu yake!"

Akamwita mkewe aje asikie. Walicheka wote wawili, akasema mbwa wake amekula sherehe ambayo hata mchungaji hajawahi kuandaliwa. Nilipewa kiti. Nililetewa chai. Kisha akanitazama vizuri.

"Sasa sema ukweli. Kijana wako alimwambia fundi kwamba unarudi mjini. Wewe unakaa, ama unapita? Kwa sababu kama unapita, nitakupatia kuku tu."

Mama Idi, sijui kwa nini nilimwambia yeye jambo ambalo sikuweza kumwambia mtoto wetu. Pengine ni kwa kuwa naye ni mzee, na nyumba yake pia huwa tupu mkewe akienda sokoni. Nilimweleza habari ya tangi na kizunguzungu. Nilimweleza habari yako na Mama Rukia. Hakusema pole. Aliuliza kama mtu anayeuliza jinsi ya kupanda mbegu asiyoijua.

"Nikikupata umeanguka, nifanye nini?"

Nikamwambia anilaze ubavu wa kulia, uso kibla.

"Hiyo iko wapi?"

Nikanyoosha mkono kule chini, Isiolo, nchi inakoanza kuwa nyekundu na kavu. Aliufuata mkono wangu. Halafu akageuka akautazama mlima nyuma yangu, mweupe mchana ule, hauna wingu hata moja.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hiyo si ni kumpatia Mungu mgongo?"

Nikakuona wewe. Nikakuona msichana wa Mikinduri, siku zile za kwanza ninakuonyesha pa kusimama kwenye mkeka, nawe ukageuka kuutazama mlima kupitia mlangoni, ukaniambia babu yako, aliyemwomba Mungu akiuelekea mlima, angeliona hilo asingelala. Ulisali hivyo maisha yako yote. Lakini kila ulipotoa salamu ya mwisho, ulipogeuza uso upande wa kushoto, ulikuwa ukikawia kidogo. Nilikuona. Sikuwahi kukuuliza.

Nilimwambia M'Ikiara kwamba mke wangu, Mmeru kama yeye, aliuliza hivyo hivyo, na kwamba amelala hivyo sasa. Akafikiri.

"Basi ni mgongo wako, si wangu. Nitakugeuza."

Kuhusu shahada alikataa. "Hayo maneno ya kwenu siwezi, mimi ni mzee wa kanisa. Lakini naweza pigia Idi simu, niweke kwa sikio lako, aseme yeye." Nikamwambia simu hapa haishiki ila ukisimama karibu na tangi. Akasema, "Basi nitakuburuta mpaka kwa tangi. Wewe ni mwembamba." Tukacheka, wazee wawili, mpaka mkewe akatuuliza tunachekea kaburi la nani.

Usiku huo sikukaa kimya. Nilimweleza Idi yote, hata kile kizunguzungu nilichomficha. Alilia, naye hakulia hata siku yako. Nilimwambia amweleze mwenye nyumba apangishe chumba. Nikaongeza jambo moja gumu. Wazee wa hapa wamekuwa wakimwambia kwamba ploti huwa yako kweli siku umezika mtu wako ndani yake. Nilimwambia mimi siyo huyo mtu. Watanirudisha mjini, wanilaze kando yako. Alitazama nje, kwenye kile kipande cha ardhi alichokihangaikia ujana wake wote. "Sawa, Baba," akasema. Lilimtoka kwa shida. Najua nimemnyima kitu.

Usidhani nimetulia. Simu kando ya tangi si mkono wa Mama Rukia. Kila asubuhi gari likishapanda barabarani, nabaki uani nasikiliza mpaka mlio unapotea, na hofu inakuja pale pale, kama mpangaji anayejua saa ya kodi. Chumba chako, chetu, wamekipata vijana wawili waliooana juzi. Nilikwenda kukifagia mwenyewe kabla hawajaingia. Nilifagia mara mbili. Sikutaka mtu mwingine afagie pale.

Lakini mbuzi amekuja akitembea. Alimleta kwa kamba, nikamchinja mimi kwa kisu cha baba, naye akasimama kando, kofia mkononi, kana kwamba yuko kanisani. Tulikula wote. Mbwa naye alipewa chake waziwazi.

Ijumaa Idi atanichukua gari moja na watoto, na baada ya sala nitakuja kwako. Nakuahidi kuja kila Ijumaa ambayo magoti yatakubali, mpaka Ijumaa nitakayokuja nisirudi. Lala salama, mwanamke mwema. Usinitafute Majengo. Niko Kiirua, nyumba ya mabati ya kijani, na siku hizi nalala ubavu wa kulia, uso Isiolo, ili nimpunguzie M'Ikiara kazi.

Mumeo,
Baba Idi