Boga Gani Lina Maua Meupe?

Shangazi wa gazetini, niokoe kabla ya Jumamosi,

Dedza nzima hakuna mkulima kama mimi Limbani, nikitema mate tu panaota kitu, hata shule niliiacha darasa la sita kwa kumwonea huruma mwalimu, maana majibu yote nilikuwa nayo mimi. Sasa bibi yangu Naphiri alipokwenda Zomba kumuuguza binti yake aliniachia mbegu za maboga kwenye kitambaa, akasema, "Mjukuu, zipande nyuma ya jiko, nikirudi nipike majani yake kwa karanga," nikapanda, mvua ikanyesha, lakini vilivyoota sivijui, Shangazi, kimoja kimepanda hadi paa la choo na maua yake meupe hufunguka jioni, kingine kinatambaa na majani yamechanika kama shati la mlevi, na jirani yetu mama Tiyamike kila akipita anashika kiuno, "Bwana shamba, boga lako linakwenda wapi, chooni?" nami namjibu, "Hii mbegu ya kisasa, mama, wewe huwezi kuijua!" Basi nitajie majina yake, nimwambie bibi akirudi Jumamosi, kwa sauti ya kitaalamu, anyamaze.

Kosa ni moja tu. Mbegu zake nilizikaanga kwa chumvi siku ya mechi, zikaisha kabla ya mapumziko, nikajaza kitambaa kwa mbegu nilizokwangua kwenye kuta za majiko ya watu, wanakozibandika na majivu zikauke. Zile za bibi zilikuwa za marehemu mama yake.

*

Limbani,

Cha maua meupe ni kibuyu. Cha majani yaliyochanika ni tikiti. Tunda lolote likiwa chungu kwenye ncha ya ulimi, tema, usimpikie mtu. Haya, majina umepata. Yamekusaidia nini?

Wewe umetafuna urithi, mwanangu, tena kwa chumvi. Ila mwanamke mwenye akili hafichi mbegu zote nyumba moja, humgawia jirani. Nenda kwa huyo mama Tiyamike unayemwona wa zamani, piga magoti, muulize kama bibi yako aliwahi kumpa. Ukibahatika, panda leo, na kama na jiko lake ulilikwangua, mlipe mbegu zake.

Jumamosi mpokee bibi stendi, mbebee mzigo, na kabla hajaliona paa la choo mwambie: "Agogo, bibi yangu, mbegu zako nilizila." Usikiachie kibuyu kikusemee.

Na mechi nyingine, tafuna muwa.